Fundi Kachomelea Tu

Tulimzika Lugano kijijini kwao Lupepo, kwenye mvua. Migomba ilikuwa imesimama nyuma ya maturubai ikidondosha maji, akina mama wakigawa wali na maharage, na mimi nilikaa kati ya dada zake nikilia kama nilivyokuwa nimekusudia kulia tangu nilipopanda basi Dar es Salaam. Kisha mwongoza ratiba akamwita mwakilishi wa kampuni ya parachichi. Akasimama kijana aliyevaa koti zuri la mvua, mtu ambaye sidhani kama aliwahi kumwona marehemu, akasoma salamu za rambirambi. Alisema marehemu "alishirikiana na kampuni yetu kwa karibu" katika kubuni kifaa cha kuchumia parachichi. Waombolezaji wakatikisa vichwa kwa shukrani. Machozi yangu yalikauka palepale. Dada yake mkubwa akanishika goti, akaninong'oneza, "Dada, tulia. Tumzike kwanza." Nikatulia. Tukamzika. Lakini sikusamehe neno hilo moja, alishirikiana, na ndilo lililonifanya niandike sura hii kabla ya zile nyingine nilizokuwa nimezipanga.

Mimi ni wakili wa hataza. Mtu akibuni kitu kipya, kazi yangu ni kuandika kwa maneno yasiyovuja kitu hicho ni nini, kinaanzia wapi na kinaishia wapi, ili serikali impe haki ya kuwazuia wengine wasikitengeneze bila ruhusa yake. Kabla ya sheria nilisomea uhandisi wa mitambo. Kwenye semina, anayenitambulisha hupenda kusoma wasifu wangu kana kwamba ni ngazi niliyoipanda kwa raha zangu: alianza na uhandisi, baadaye akavutiwa na sheria. Sikuvutiwa. Nilisukumwa, na nilisukumwa na sentensi moja niliyoisikia Bulyaga, huko Tukuyu, nikiwa nimekaa kitandani na bakuli la ndizi mapajani. Watu wakitaka kujua nilivyoingia katika kazi hii, huo ndio mlango, na nyuma yake kuna mwaka mmoja tu.

Nilifika Tukuyu nikitokea Singida, na digrii yangu ikiwa bado inanuka wino. Nilikotoka mvua ni habari njema. Tukuyu mvua ni hewa. Kampuni iliniajiri kutunza chumba cha baridi na mikanda ya kuchambulia matunda, nikapanga chumba kwa mama mmoja mjane, Mama Ipyana, ambaye pia alikuwa akiwapikia wageni wa kampuni. Chumba changu kilitengwa na sebule yake kwa mbao ambazo hazikufika juu. Hakukuwa na dari. Nikiwa kitandani nilisikia sufuria likifunikwa, redio ikitafuta stesheni, na Mama Ipyana akizungumza na Mungu kwa Kinyakyusa kana kwamba Mungu ni jirani aliyechelewa kurudisha kinu. Nguo hazikukauka. Nilipiga pasi ya mkaa kila asubuhi, si kwa kunyoosha bali kwa kukausha, na nilikwenda kazini mvuke ukinitoka mgongoni. Chini ya kitanda kulikuwa na mikungu ya ndizi iliyowekwa iive, nami nikazoea kulala juu ya harufu ile hata nikienda kwingine nikawa naitafuta.

"Ugonile, Lehema," alinisalimu kila asubuhi. Lugha ya kwao haikumpa herufi ya jina langu, na kwa kweli nilianza kulipenda jina alilonipa kuliko langu. "Kula, mwanangu. Kibalidi kitakuua." Akanipakulia mbalaga, ndizi zilizopikwa na maharage mpaka zikashikana, na maziwa ya mgando pembeni. Kazini wanaume waliniita Injinia, wakiweka kicheko kidogo mwishoni mwa neno. Mezani kwa Mama Ipyana nilikuwa mtu.

Kilichoniudhi kwanza kule kiwandani kilikuwa matunda yaliyokataliwa. Parachichi la kuuzwa nje lazima lichumwe na kipande cha kikonyo. Likinyofolewa, linaachwa na tundu, na uozo huingilia hapo. Likianguka, linavilia kwa ndani na mnunuzi huko ng'ambo analikata analikuta jeusi. Wakulima walikuwa wakichuma kwa ndoano na kwa kutikisa matawi, kwa sababu miti ni mirefu na hakuna aliyewapa njia nyingine. Niliwaona akina mama wa Kawetele wakisimama kwenye lango, wakitazama kreti zao zikirudishwa, kisha wakizibeba tena kichwani kwenye tope. Meneja alikuwa akisema, "Wafundisheni kuchuma." Hakusema wachumie nini.

Lugano alikuwa na karakana yake Bulyaga, chini kidogo ya nyumba ya Mama Ipyana. Alikuwa na stashahada ya ufundi mitambo, mikono mirefu, na tabia ya kukaa kimya mpaka ukadhani hajakusikia. Nilimpelekea kazi ya kuchongesha ekseli ya mkanda, tukaanza kuongea, tukawa marafiki. Watu walidhani ni zaidi ya hapo. Haikuwa. Tulichokuwa nacho sikupata kukiona tena maishani: watu wawili wanaofikiri kwa sauti bila mmoja kumwonea mwingine aibu.

Siku moja Mama Ipyana alituomba tumkatie mkungu wa ndizi. Lugano alinikabidhi panga, akakumbatia mkungu, akasema, "Kata sasa." Nikakata, mkungu ukabaki mikononi mwake. Hakuondoka. Alisimama pale ameushika, maji ya mgomba yakimtiririka kifuani, akitazama lile shina lililokatwa.

"Injinia," akasema, "sisi tunakata halafu tunadaka. Kwa nini tusishike kwanza?"

Hilo lilikuwa wazo lake. Naliandika hapa kwa namna ile ninayoandika madai ya wateja wangu: kushika kikonyo kwanza, kukikata juu ya pale kiliposhikwa, na kulishusha tunda likiwa bado limeshikwa. Langu lilikuja baadaye, baada ya kuharibu mifano mingi. Tulikuwa na nyaya mbili, moja ya kushika na moja ya kukata, na mchumaji alizichanganya kila mara. Nikaweka springi kati ya taya na kisu, ili waya mmoja wa breki ya baiskeli ufanye yote: ukivuta kidogo taya zinashika, ukizidi kuvuta springi inakubali na kisu kinapita. Taya tulizivisha mpira wa tairi la ndani. Mpini ulikuwa mwanzi. Tuliuita mkono. Jioni baada ya kazi nilikwenda karakanani na sweta mbili, tukala mahindi ya kuchoma, tukabishana juu ya ugumu wa springi mpaka Mama Ipyana alipoita kwamba chakula kinapoa. Kama kuna raha inayozidi ile ya kitu kukataa, kukataa, kisha kukubali mkononi mwako, mimi sijaijua.

Tuliujaribu Kawetele, kwenye shamba la mmoja wa wale akina mama waliorudishiwa kreti. Aliuinua mkono juu ya jani, akavuta, tunda likashuka likiwa limening'inia kama taa. Akaligeuza, akaona kikonyo chake, akacheka. "Ndaga fijo," akamshukuru Lugano, na akauondoa mkono mbali nasi kidogo, kama mtu asiyetaka kurudisha. Wiki hazikupita nyingi wakulima wakaanza kuja karakanani kuuliza wao watapata lini.

Meneja naye alisikia. Alikuja, akautazama, akaniambia kwa upole ambao hakuwahi kuutumia nami, "Hiki kitu lazima tukilinde, Injinia. Nitamleta wakili." Tukafurahi. Nasema tukafurahi, na sijilaumu kwa hilo. Waliotufurahisha ndio wa kulaumiwa.

Wakili Sengondo alikuja kutoka mjini na kaunda suti ya kijivu na viatu ambavyo Mama Ipyana alivitazama kwa huruma. Alikaa karakanani kwetu, kwenye ndoo iliyogeuzwa, na akauliza maswali. Nataka nikiri jambo moja kwa uchungu: alikuwa hodari. "Kikiondolewa kipi, kifaa kinakufa?" aliuliza. "Taya zingekuwa tatu, bado ni kifaa hiki hiki? Springi ingekuwa kipande cha mpira? Kwa nini waya mmoja, si miwili? Mlijaribu miwili? Ikawaje?" Hakuna mwalimu wangu chuoni aliyewahi kuniuliza hivyo. Kila swali lilivua nguo moja ya kile kifaa, mpaka likabaki wazo lenyewe, uchi, na mimi na Lugano tukaliona kwa mara ya kwanza. Tulimjibu kila kitu. Tulikatizana maneno kwa hamu ya kujibu. Lugano, yule mkimya, aliongea siku ile kuliko mwaka mzima. Maswali hayo ndiyo ninayowauliza wateja wangu mpaka leo, neno kwa neno, na kila nikiyauliza nakumbuka nani alinifundisha, na ninakasirika upya. Kuna swali moja tu ambalo hakuuliza. Hakuuliza ni nani aliyelifikiria.

Kesho yake mchana, yeye na meneja walikula kwa Mama Ipyana. Nilikuwa nimerudi kubadilisha soksi zilizolowa, nikachukua bakuli langu nikakaa nalo kitandani, nikaona haya kuingilia maongezi ya wakubwa. Mvua ilikuwa ikipiga bati kiasi kwamba upande wa pili wa mbao walilazimika kupaza sauti ili wasikizane, nami sikuambulia ila mngurumo. Kisha mvua ikakatika ghafla, kama inavyofanya kule, na wao wakaendelea kupaza sauti kwa sentensi chache zaidi kabla hawajatambua.

"Na yule binti?" ilikuwa sauti ya wakili.

"Mwajiriwa wangu huyo," meneja akasema. "Andika jina langu kama mbunifu. Mmiliki ni kampuni."

"Na fundi?"

"Fundi kachomelea tu."

Sijui nililiweka wapi bakuli. Najua nilisukuma pazia na nikawa nimesimama sebuleni na soksi mguu mmoja. Mama Ipyana alikuwa amesimama mlango wa jikoni na mwiko mkononi. Naye alikuwa amesikia.

"Kachomelea wazo la nani?" nikauliza.

"Injinia, kaa ule," meneja akasema.

"Nauliza. Lugano kachomelea wazo la nani?"

Wakili alifuta vidole kimoja kimoja. Hakuona aibu, hilo ndilo lililoniogofya. "Binti yangu," akasema, "wewe ni mwajiriwa. Anachobuni mwajiriwa katika kazi yake ni cha mwajiri. Sikuitunga mimi, ndiyo sheria."

"Niliajiriwa kutunza chumba cha baridi."

"Na kazi nyinginezo utakazopangiwa. Soma mkataba wako."

"Hakuna aliyenipangia. Na Lugano hana mkataba na mtu yeyote."

"Ndiyo maana hayumo," akasema.

Nikasema, na sauti ilinitoka kama ya mtoto, "Mzee, tulidhani wewe ni wakili wetu."

"Sikusema hivyo hata siku moja."

Ilikuwa kweli. Nimerudia kichwani kila neno alilotuambia pale juu ya ndoo, miaka nenda miaka rudi, nikitafuta uongo mmoja. Sikuupata. Alituacha tujidanganye wenyewe kwa sababu ilikuwa na faida kwake, na hakuna kifungu kilichomzuia. Mama Ipyana aliingia, akachukua sahani ya meneja, kisha ya wakili, nyama ikiwa bado juu yake. "Chakula kimekwisha, baba," akasema. Sufuria jikoni lilikuwa limejaa. Hakuwapikia tena, na kwa mjane mwenye watoto shuleni hilo halikuwa jambo dogo.

Nilimweleza Lugano jioni ile ile. Alimaliza kukaza boliti aliyokuwa nayo mkononi. Kisha akasema, "Kwani mtu anaweza kuandika kwamba alifikiria kitu ambacho hakukifikiria?" Nikamwambia anaweza. Akawasha mashine ya kuchomelea, akaendelea kutengeneza mikono, kwa kuwa wakulima walikuwa wakiisubiri. Kwa miezi kadhaa hakuna aliyemgusa, tukaanza kuamini kwamba hakuna atakayemgusa.

Walikuja siku ya soko, karakana ikiwa imejaa watu. Meneja alibaki ndani ya gari. Wakili alisimama mbele ya Lugano, mbele ya wateja wake na wajomba zake, akamwambia kwa sauti ya kusikika kwamba kifaa kile ni mali ya kampuni kisheria, na kila mkono atakaoutengeneza ni kosa litakalomfikisha mahakamani na kumpotezea karakana yake yote.

Lugano aliuliza jambo moja tu. "Na nikitengeneza mmoja wa nyumbani? Kwa miti ya mama yangu?"

"Hata huo," wakili akasema.

Hapo sasa alidanganya. Leo nalijua, na nikilikumbuka meno yanasagika. Hataza haimzuii mtu kujitengenezea chombo cha matumizi ya nyumbani kwake, inazuia biashara. Zaidi ya hayo, siku ile hapakuwa na hataza yoyote. Kulikuwa na ombi tu, lililopelekwa, lisilokaguliwa, na ombi halimfungi mtu. Angeweza kuendelea. Mtu mmoja aliyejua sheria angesimama pale karakanani na kusema maneno mawili, na kaunda suti ile ingerudi ndani ya gari. Hakuwepo. Nilikuwepo mimi, na digrii yangu ya mitambo, nikijua kwa usahihi kabisa springi ile inasukuma kwa nguvu kiasi gani, bila kujua lolote jingine. Wajomba walitazama chini. Lugano alikusanya mikono iliyokuwa tayari akaiegemeza ukutani. Kabla ya mwaka kwisha aliuza mashine ya kuchomelea akarudi Lupepo kulima. Mimi niliacha kazi, nikamuaga Mama Ipyana, ambaye alinifungashia ndizi mbivu na kunikataza kulia njiani, nikaenda kuomba nafasi ya kusomea sheria. Kwenye mahojiano waliniuliza kwa nini mhandisi anataka sheria. Nikajibu kwamba nimekasirika. Wakacheka, wakaandika kitu.

Ilinichukua miaka, shahada ya pili kwa mkopo, na kazi za kuajiriwa katika ofisi ambamo niliitwa Injinia kwa kicheko kile kile. Nilipopata kibali cha kushughulikia hataza, jambo la kwanza nililofanya lilikuwa kuulizia ile yetu. Nilikusudia kuishambulia. Nilikuwa nimeshaandaa hoja, nimeshawapata wale akina mama wa Kawetele waliokuwa tayari kueleza walichokiona. Mwenzangu wa ofisi ya usajili akanipigia simu akasema nisijisumbue. Ilikwishakufa. Hataza hulipiwa ada kila mwaka, na isipolipiwa hufa. Hivyo ndivyo tunavyosema katika kazi hii. Kampuni ilipewa hataza, ikatengeneza mikono michache, ikampiga picha meneja ameshika mmoja kwa ajili ya kalenda, kisha ikaacha kulipa, kwa uzembe tu. Walimnyang'anya mtu kitu wasichokihitaji, wakakisahau kama mwavuli kwenye basi. Na miaka yote hiyo hakuna aliyeona umuhimu wa kwenda Lupepo kumwambia.

Nikaenda mimi. Nilimkuta shambani, nywele zimeanza mvi, anachuma parachichi. Alikuwa ameshika mpini mrefu wa bati wenye taya za plastiki kichwani, wa dukani, umetoka ng'ambo. Nikautazama. Taya zilishika, kisu kikapita, tunda likashuka.

"Umeupata wapi?" nikamuuliza.

"Tukuyu. Wanauza sasa." Akanionyesha. "Unashika kwanza."

"Ni mzuri?"

"Springi laini mno."

Nikamweleza. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima jinsi ya kumweleza, nikijua neno kufa atalielewa vibaya, na hakulielewa vibaya.

"Imekufa tangu lini?"

"Muda mrefu, kaka. Wewe ulipokuwa bado una nguvu ya kufungua karakana."

"Kwa hiyo nimekuwa nikiogopa maiti."

Akauegemeza ule mpini begani. "Sasa mtu akitaka kuutengeneza, anaruhusiwa?"

"Anaruhusiwa."

"Yeyote?"

"Yeyote."

"Hata kampuni?"

"Hata wao."

"Basi bado si wangu," akasema.

Hakusema kwa hasira. Hasira ilikuwa yangu, ilinijaa mpaka vidoleni, na elimu yangu yote haikuwa na kifungu cha kumpa. Akaniomba nimshikie kapu. Nikalishika, nikaja chini ya tawi, naye akainua ule mpini wa dukani juu ya majani, akatafuta kikonyo kingine.